Siku Kumi na Tano Kwenye Machekeche: Kumbukumbu za Zamu Yangu ya Kwanza Baharini

Siku ya 1

Safari ya kwenda kwenye jukwaa la kuchorongea mafuta huanzia kwenye mizani. Kila abiria wa helikopta hupimwa uzito pamoja na mizigo yake, na namba inayotokea husomwa kwa sauti mbele ya wote bila kumwonea mtu haya. Baada ya mizani tulipekuliwa, viberiti vikabaki nchi kavu, kila mmoja akapuliza kwenye kipimo cha pombe, kisha tukaketi kutazama filamu fupi inayoeleza ni mlango upi unaosukumwa na ni dirisha lipi linalong'olewa iwapo helikopta itaangukia majini.

Nadhani niliitazama filamu hiyo kwa makini kuliko wenzangu wote, kwa kuwa wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimefungwa mkanda ndani ya kibanda cha chuma kwenye bwawa la mafunzo, kikazamishwa na kupinduliwa miguu juu. Anayepinduliwa majini hupoteza papo hapo hisia ya juu na chini, maji humwingia puani, na macho hayamsaidii kitu. Mkufunzi alikuwa ametusisitizia kwamba mkono mmoja ushike fremu ya dirisha kabla maji hayajafika kifuani na usiiachie hata kidogo, kwa sababu kichwa kikishachanganyikiwa ni mkono huo pekee unaokumbuka njia iko wapi. Kwa hiyo nilisafiri dakika zote hamsini nikiwa nimeweka kiganja kwenye fremu ya dirisha, na jirani yangu, ambaye alilala tangu tunaruka, alipozinduka aliutazama mkono wangu na hakusema neno.

Jukwaa letu ni la aina inayosimama kwa miguu mitatu mirefu ya chuma, ambayo huteremshwa hadi sakafu ya bahari, kisha mwili mzima ukajiinua juu ya mawimbi. Mengi ya aina hii hayavuki kina cha mita 120 hivi. Panapozidi hapo hutumika majukwaa yanayoelea au meli za kuchorongea. Tulipofika nilipewa kadi yenye jina langu, namba ya chumba na namba ya boti ya uokoaji, nikaitundika kwenye ubao mwenyewe. Ubao ulikuwa na kadi 108, na hesabu hiyo ndiyo inayoulizwa kwanza kila kengele inapolia.

Siku ya 2

Kazi yangu ni ya machekeche, na kwa wasioijua itabidi nianze na tope.

Kisima cha mafuta hakichimbwi kikavu. Ndani ya mabomba yanayozungusha biti, yaani kile kichwa chenye meno kinachotafuna mwamba, husukumwa tope zito lililotengenezwa kwa udongo maalumu, maji au mafuta, dawa mbalimbali na unga wa madini ya baraiti unaoliongezea uzito. Tope hilo hutokea kwenye matundu ya biti chini kabisa, huipoza, kisha hupanda pembezoni mwa mabomba likibeba chenga za mwamba hadi juu. Huko juu humwagika kwenye machekeche yetu, ambayo ni nyavu za chuma zinazotikiswa na mota mchana na usiku. Tope lililosafishwa hupenya na kurudi matangini ili litumike tena, na chenga hubaki juu zikitembea taratibu hadi ukingoni.

Hata hivyo kubeba chenga ni kazi ndogo ya tope. Kazi yake kubwa ni uzito. Miamba ya chini ina maji, gesi au mafuta yaliyobanwa kwa nguvu, na kinachoyazuia yasipande ni ule mnara wa tope uliosimama ndani ya kisima. Kwa tope lenye uzito wa kilo 1.25 kwa lita moja, kina cha mita 2,400 hupata mgandamizo unaokaribia mara 290 ya ule wa hewa tunayovuta. Likiwa jepesi mno, kisima hujibu kwa kusukuma. Likiwa zito mno, mwamba hupasuka na tope likapotelea humo. Nafasi kati ya mambo hayo mawili wakati mwingine ni nyembamba kiasi cha kumkosesha usingizi fundi wa tope.

Nimepangiwa zamu ya usiku, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ninayepokezana naye ni mzee wa kazi aliyekaa kwenye machekeche miaka kumi na tisa. Huniita mdogo wangu, nami humwita kaka mkubwa. Jioni ya leo alinikabidhi zamu kwa maneno machache sana, kisha akanitembeza kwenye kila vali akiigusa kwa mkono, nami nilidhani ananifundisha majina yake tu.

Siku ya 3

Kelele za chumba cha machekeche haziruhusu mazungumzo. Tunavaa viziba masikio vya aina mbili kwa pamoja na kuongea kwa vidole. Kila nusu saa huchota tope kwa kikombe na kulipima mara mbili. Kwanza ni kwenye mizani ndogo yenye mkono mrefu, ambayo hueleza uzito. Kisha hulimimina kwenye faneli na kuhesabu sekunde zinazopita hadi jagi lijae, jambo linaloeleza utelezi wake. Maji matupu hutumia sekunde 26; tope letu la leo lilitumia 54, na fundi wa tope alitikisa kichwa kuashiria kwamba ameridhika.

Chenga nazo zina habari zake. Kila mita kumi za uchorongaji hukinga kiasi, naziosha na kuzitia kwenye mfuko kwa ajili ya mtaalamu wa miamba. Chenga ndogo zilizokatwa sawasawa huonyesha kwamba biti inafanya kazi yake, lakini vikitokea vipande vikubwa vyenye ncha kama vigae vilivyopasuka, hiyo ni dalili kwamba kuta za kisima zinamomonyoka, na mtu wa machekeche ndiye anayeziona kabla ya chombo chochote. Zinapofika mbele yangu zimeshasafiri zaidi ya saa moja kutoka chini, kwa hiyo ninachokitazama ni habari ya kale kidogo.

Nimeulizwa na ndugu zangu kama mafuta yananuka. Siwezi kuwajibu, kwani kwenye jukwaa la kuchorongea mtu anaweza kumaliza zamu nyingi bila kuona tone la mafuta. Hapa tunatoboa tu. Uzalishaji ni kazi ya majukwaa mengine, yenye watu na mitambo mingine.

Siku ya 4

Leo niliielewa vizuri ngazi ya vyeo. Juu kabisa yuko mkuu wa jukwaa, ambaye neno lake kuhusu usalama ni la mwisho. Pembeni yake yuko mwakilishi wa kampuni yenye kisima, anayesema kichimbwe nini na lini. Chini yao kuna msimamizi wa uchorongaji, kisha mchorongaji mwenyewe, anayekaa kwenye kibanda cha vioo akiwa na vishikio vya mtambo mikononi na macho yake kwenye skrini. Wanaofuata ni vijana wa sakafuni wanaounganisha mabomba, mtu wa mnarani, waendesha kreni, wabeba mizigo, mafundi umeme, wachomeleaji na tabibu mmoja. Karibu kila mmoja ameajiriwa na kampuni tofauti, ingawa ovaroli zetu zina uchafu wa aina moja.

Wanaosahauliwa ni watu wa jikoni na usafi. Bila wao jukwaa lingesimama ndani ya siku mbili, kwa maana chakula huandaliwa mara nne kwa siku, mara moja ikiwa saa sita usiku, na nguo za watu mia na zaidi hufuliwa kila siku. Mfanyakazi wa usafi wa ghorofa yetu anajua nani ana mafua, nani amegombana na mkewe kwenye simu na nani halali. Mimi ningemwalika kwenye kila kikao cha usalama.

Siku ya 5

Biti imechakaa, na ili ibadilishwe ni lazima mabomba yote yatolewe nje. Hutolewa matatu matatu yakiwa yameungana, kila fungu likiwa na urefu wa mita 28 hivi, na kwa kina tulichofikia yanapatikana mafungu zaidi ya themanini. Mtu wa mnarani husimama kwenye kibao chembamba takribani mita 25 juu ya sakafu, amefungwa mkanda, akizivuta ncha za juu na kuzipanga kama mtu anayesimamisha mianzi ukutani. Vyombo vyake vyote vimefungwa kwa kamba na vimehesabiwa kabla hajapanda, kwa sababu spana ya nusu kilo ikidondoka kutoka urefu ule huweza kumuua mtu aliyevaa kofia ngumu.

Wakati huu machekeche yamezimwa, na kimya chake kinashangaza. Nilipelekwa kusaidia kutazama tangi dogo la kujazia kisima. Hesabu yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuivumilia usiku kucha: kila fungu la mabomba linapotoka huacha nafasi, na tope la ujazo uleule wa chuma kilichotoka ni lazima liingie. Kisima kikipokea pungufu ya hesabu, maana yake kuna kitu kingine kimeingia kutoka kwenye mwamba na kuchukua nafasi hiyo. Tuliandika kila fungu kwenye daftari, mafungu themanini na ushee, na mchorongaji alilinganisha namba zetu na zake mpaka kulipopambazuka.

Siku ya 6

Machekeche, tope, usingizi. Mwenzangu wa chumba ni wa zamu ya mchana, na baada ya karibu wiki nzima bado ninamjua kwa kukoroma kwake tu.

Siku ya 7

Kengele ya mazoezi ililia saa nne asubuhi, yaani katikati ya usiku wangu. Kulipa saa za usingizi ni sehemu ya kazi hii ambayo haitajwi kwenye matangazo ya ajira. Nilivaa jaketi okozi nikiwa nusu usingizini na kusimama kwenye mstari wa boti namba mbili, tukaitwa majina. Hesabu ilitoka 107. Dakika nne zilipita, ambazo zilitosha kwa kila mtu kutazama jirani zake, kabla mtu wa 108 hajapatikana: fundi aliyekuwa kwenye chumba cha pampu, mahali ambapo taa ya kengele ilikuwa imeungua. Taa hiyo ilibadilishwa kabla ya chakula cha mchana.

Siku ya 8

Meli ya mizigo ilifika jioni na mawimbi yalikuwa ya wastani. Kreni inaponyanyua kontena kutoka kwenye sitaha inayopanda na kushuka, mwendeshaji hungoja wimbi lifike kileleni, ndipo avute, ili sitaha ishuke na kuacha mzigo hewani. Wabeba mizigo huuongoza mzigo kwa kamba ndefu na hawaugusi kwa mkono hata unapokuwa umebakiza shubiri moja kutua, kwa maana ajali nyingi za kazi hii ni za vidole na viganja. Niliombwa kushika kamba moja. Kijana aliyekuwa akitoa ishara kwa kreni alinisimamisha mara mbili kwa sababu nilikuwa nimejipitisha kati ya mzigo na ukuta, na mara ya pili alisimamisha kazi nzima mpaka nilipoeleza kwa mdomo wangu njia yangu ya kukimbilia. Ana miaka ishirini na mitatu, na hata mkuu wa jukwaa hana ruhusa ya kumkemea kwa kusimamisha kazi.

Siku ya 10

Ninaandika haya kwa uzito.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri fundi wa tope aliniagiza niongeze tope kutoka tangi la akiba kwenda tangi linalotumika. Nilifuata utaratibu: nikampigia simu mchorongaji kumweleza kwamba naanza, nikafungua vali ya nne, nikangoja, nikafunga, nikampigia tena kumweleza kwamba nimemaliza. Mpini niliuzungusha hadi ukakaza. Kumbe mabaki ya baraiti yalikuwa yameganda kwenye njia ya vali, na kilichokaza kilikuwa ni hayo mabaki, vali yenyewe ikiwa imeachama kwa upana wa kidole.

Kaka mkubwa alipofika saa kumi na mbili nilimkabidhi zamu. Nilimweleza kuhusu wavu uliotoboka, sekunde za faneli, na chenga ambazo zilikuwa zimeanza kugeuka rangi kuwa kijivu. Kuhusu vali ya nne sikusema, kwa kuwa kichwani mwangu kazi ile ilikuwa imekwisha, na kitu kilichokwisha sikuona sababu ya kukitaja. Nikaenda kuoga.

Nilikuwa na sabuni usoni kengele ilipolia. Kwenye skrini ya mchorongaji tangi lilikuwa limepanda kwa zaidi ya lita elfu moja, na tope linaloongezeka bila mtu kuliongeza lina maana moja kwa mchorongaji: kisima kinasukuma. Alisimamisha mzunguko, akainua mabomba kutoka chini, akazima pampu na kuziba kisima kwa vali kuu, yote hayo kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kuvaa suruali. Kisha wakasoma mgandamizo. Ulikuwa sifuri. Wakangoja, wakasoma tena, bado sifuri. Ndipo wakaanza kufuata mabomba ya tope moja baada ya jingine, hadi kaka mkubwa alipoweka sikio kwenye vali ya nne na kusikia maji yanapita.

Tulipoteza saa moja na nusu. Nilikwenda kwenye kibanda cha vioo kuomba radhi, nikimwita mchorongaji mzee kwa heshima zote nilizo nazo, naye akajibu bila kuondoa macho kwenye skrini, "Tangi likipanda naziba kwanza, maswali baadaye. Wewe nenda kalale, jioni uje utuambie ulichosahau kusema."

Sikulala. Saa zilizopotea hazikunisumbua kama wazo kwamba kengele ya uongo ikizoeleka, ile ya kweli itapokelewa kwa uvivu.

Siku ya 11

Kikao cha kabla ya zamu kilikuwa changu. Nilisimama mbele ya watu kumi na wanne nikaeleza, na hakuna aliyecheka. Msimamizi wa uchorongaji akaongezea habari ambayo wengi wao walikuwa wakiijua, ingawa walisikiliza kana kwamba ni ngeni.

Tarehe 6 Julai 1988, katika Bahari ya Kaskazini, jukwaa la uzalishaji la Piper Alpha lilikuwa na pampu mbili za kusukuma vimiminika vya gesi. Moja ilikuwa imezimwa kwa matengenezo, vali yake ya usalama ikiwa imeondolewa, na mahali pake pamefunikwa kwa kifuniko cha chuma ambacho hakikukazwa kuhimili mgandamizo. Habari ya vali hiyo haikuwafikia waliokuwa kazini usiku. Pampu ya pili ilipozima na kukataa kuwaka, waliiwasha ile ya kwanza, gesi ikavuja na kulipuka. Watu 167 walikufa na 61 waliokoka. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen ulitoa ripoti mwaka 1990 ikiwa na mapendekezo 106, na vibali vya kazi tunavyovijaza leo, pamoja na saini zake zinazotuchosha, vina chapa ya usiku ule.

"Yule wa mchana aliijua pampu," msimamizi alisema. "Karatasi nayo iliijua. Aliyebonyeza ndiye asiyejua."

Baada ya kikao kaka mkubwa alinishika bega na kunitembeza tena kwenye vali zote, akiigusa kila moja kwa mkono kama siku ile ya kwanza. Safari hii nilizigusa na mimi.

Siku ya 12 na 13

Tulishusha mabomba mapana ya kuzuia kuta za kisima na kuyashikiza kwa saruji inayosukumwa ndani hadi chini, kisha ikapanda kwa nje. Kazi ya machekeche ilikuwa kusafisha tu. Saruji huachwa igande na kupimwa kwa mgandamizo kabla mtu hajaamini kwamba imeziba, na mwakilishi wa kampuni alikaa na kipimo hicho kama mtu anayengoja mtoto azaliwe.

Siku ya 14

Ukungu. Helikopta ya kubadilisha watu haikuja. Waliokuwa wamefunga mabegi waliyafungua bila kusema kitu, na jikoni wakaongeza sahani.

Siku ya 15

Ukungu uliondoka saa tatu asubuhi. Ningekuwa nimeshapanda kitandani, ila nilikuwa nimeketi kwenye kibanda cha machekeche nikiandika makabidhiano ya kurasa mbili kwa anayekuja kuchukua nafasi yangu, mtu ambaye sijawahi kumwona. Niliandika kina, uzito, nyavu zilizobaki stoo, mota ya chekeche la tatu inayopata joto, na kila vali iliyofunguliwa au kufungwa ndani ya saa ishirini na nne, zikiwemo zile ambazo kazi yake ilikuwa imekwisha. Vali ya nne niliiandikia mistari mitano: kwamba imefunguliwa, ikasafishwa, ikajaribiwa, na kwamba mpini wake hukaza kabla ya wakati.

Aliteremka kwenye helikopta akiwa na begi moja, mtu mfupi wa makamo mwenye sauti ya chini. Tulisalimiana, akasoma kurasa zote mbili akiwa amesimama, akarudi kwenye mistari ile mitano na kuisoma mara ya pili. Nilimwambia kwamba ukungu unaweza kurudi na rubani anatungoja, na mahali pa saini palikuwa pale chini.

"Nimekuelewa, ndugu yangu," alisema, akachukua tochi ukutani na kuondoka kuelekea matangini. Nilimwona kwa mbali akipiga goti, akizungusha mpini wa vali ya nne, kisha akaweka sikio. Alikaa hivyo muda mrefu. Aliporudi alijifuta mkono kwenye ovaroli, akaomba kalamu.